Maumivu chini ya mbavu za kulia: ini, nyongo, figo, au nini?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 38, nipo Mwanza, nauza dagaa. Ni miezi sasa nasikia maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, yanakuja yanapotea, mara nyingi usiku, saa zingine yanapanda mpaka begani. Mume wangu anasema figo, duka la dawa wakasema vidonda vya tumbo wakanipa dawa, mama mkwe anasema bandama. Nikaenda kupiga ultrasaundi asubuhi, nilikuwa nimeshakunywa chai ya maziwa na chapati mbili, ripoti ikaandikwa ini, kifuko cha nyongo, kongosho, bandama na figo vyote kawaida. Naomba unieleweshe hivi vitu kila kimoja kiko wapi na kinafanya nini, maana kila mtu ananionyesha sehemu yake."

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Swali lako nimelipenda kwasababu hujaniuliza umeze dawa gani, umeuliza kitu kiko wapi, na mimi kazi yangu ndo hiyo, nashinda kwenye chumba chenye giza na mashine ya ultrasaundi natafuta viungo vya watu, kwahiyo nitakujibu kwa urefu. Ila katika yote uliyoandika lililonishtua ni lile ulilolitaja kwa kupita tu, ile chai ya maziwa na chapati mbili. Ntalifikia, we lishike tu kichwani.

Kwanza tuelewane tumbo linaanzia wapi. Wengi wanadhani tumbo linaanza pale mbavu zinapoishia, sio kweli. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana mwembamba unaitwa kiwambo, na huu haujakaa tambarare, umebinuka kwenda juu, ukitoa pumzi yote upande wa kulia unapanda mpaka karibu usawa wa chuchu. Maana yake ini, bandama na sehemu kubwa ya mfuko wa chakula viko tumboni ndio, lakini vimejificha ndani ya mbavu. Ndo maana mtu akianguka na bodaboda akaumia mbavu za chini kushoto sisi tunawaza bandama kupasuka hata kama tumbo lenyewe halijaguswa. Na ndo maana ulipolala pale kitandani ukaambiwa "vuta pumzi, shikilia", ukivuta pumzi kiwambo kinashuka, kinalisukuma ini chini, linatokeza kwenye mbavu tunaliona vizuri, maana mawimbi ya ultrasaundi hayapiti kwenye mfupa.

Sasa ini. Ndilo kubwa kuliko viungo vyote vya ndani, kwa mtu mzima lina kama kilo moja na nusu, limejaza karibu nafasi yote ya juu kulia alafu ncha yake inavuka pale kwenye chembe ya moyo na kuingia kidogo kushoto. Ini lisilo na ugonjwa la mtu mzima ukibonyeza chini ya mbavu kwa kawaida hulipati, labda ukivuta pumzi ndefu mtu aliyezoea anagusa ukingo wake tu, kwahiyo yule anayekushika ubavu umesimama, nguo zote mwilini, akakwambia ini limevimba, usimwamini haraka. Kazi zake ni nyingi kweli. Damu iliyopita kwenye utumbo ikabeba chakula kilichosagwa haiendi moja kwa moja kwenye moyo, inapitishwa kwanza kwenye ini kwa mshipa mkubwa mmoja, ini linachambua, sukari iliyozidi linaweka akiba ili usiku umelala hujala ubongo usikose, dawa ulizomeza na pombe linazivunja, linatengeneza protini zinazogandisha damu na ile albumini inayozuia maji yasivuje nje ya mishipa, ndo maana mtu ini likichoka sana anatokwa damu ovyo, tumbo linajaa maji, miguu inavimba. Alafu linatengeneza nyongo, kama nusu lita mpaka lita nzima kwa siku.

Na kuna jambo natamani kila mtu alijue. Ndani ya ini hakuna mishipa ya fahamu ya kusikia maumivu, kinachouma ni lile gamba jembamba linalolizunguka pale linapovutwa. Kwahiyo mtu anaweza kukaa na homa ya ini B miaka na miaka, au pombe ikalila ini taratibu, na asisikie kitu. Na picha ikatoka kawaida kabisa virusi vikiwa vimo ndani. Homa ya ini B inapimwa kwa damu, sio kwa ultrasaundi, na chanjo yake ipo. Kama hujawahi kupima hilo pekee ni sababu ya kurudi hospitali, hata bila haya maumivu.

Tufike kwenye nyongo sasa, na hapa ntakaa kidogo. Ushawahi kusimama karibu wakati mbuzi anachunwa siku ya Idd? Kuna kile kifuko cha kijani kimeshikana na ini, mchinjaji anakitoa taratibu kabisa maana kikipasuka nyama inaingia uchungu. Na wewe unacho, mahali hapohapo, chini ya ini upande wa kulia. Ukitaka kukitafuta kwa kidole, fuata ukingo wa mbavu za kulia kuanzia katikati ya kifua ukishuka, ukifika usawa wa katikati ya mfupa wa bega la mbele, ule unaotokeza chini ya shingo, hapo ndipo kilipo. Kina urefu wa sentimita 7 mpaka 10 na kinabeba mililita 30 mpaka 50 basi. Hakitengenezi nyongo, ini ndilo linatengeneza, chenyewe kinatunza tu na kuinyonya maji mpaka inakuwa nzito. Ukila kitu chenye mafuta utumbo mdogo unaachia homoni inaitwa kolesistokinini, ile homoni inafika kwenye kifuko kinajikamua, nyongo inateremka kwa mrija mpaka kwenye utumbo, inayagawa mafuta kuwa matone madogomadogo yasagike.

Haya, sasa iangalie ile asubuhi yako. Chapati ina mafuta, maziwa yana mafuta, vimeingia tumboni, homoni imetoka, kifuko kimejikamua. Ulipopanda kitandani mpimaji alikuwa anaangalia kifuko kitupu kilichosinyaa. Kifuko kikiwa hivyo ukuta wake unaonekana mnene hata kama hauna ugonjwa, na vijiwe vidogo vinajificha kwenye mikunjo, kwasababu jiwe tunaliona vizuri linapokuwa limezungukwa na nyongo, linang'aa alafu nyuma yake linatupa kivuli cheusi, na ukigeuka ubavu nalo linaviringika. Bila nyongo ya kutosha hivyo vyote unaweza kuvikosa. Ndo sababu mgonjwa wa kipimo hiki anatakiwa akae masaa 6 mpaka 8 bila kula, maji meupe kidogo sio mbaya lakini chai ya maziwa hapana. Wewe hukuambiwa, kosa sio lako. Ila ile "kawaida" iliyoandikwa kwenye kifuko cha nyongo mimi siwezi kuichukua kama jibu.

Naongea hivi kwasababu maelezo yako yanaelekea hukohuko. Maumivu ya mawe kwenye nyongo yanakaa juu kulia au kwenye chembe ya moyo, yanapenda kuja usiku au baada ya kula vitu vya mafuta, yanapanda, yanashikilia kuanzia nusu saa mpaka masaa kadhaa, mtu anajisikia kichefuchefu, alafu yanaachia na kesho yake uko mzima unaenda sokoni. Wanawake waliozaa yanawapata zaidi kuliko wanaume. Sisemi kwamba unayo, nasema hakuna aliyeangalia sawasawa.

Na bega je? Hili watu wanalishangaa sana, tumbo na bega wapi na wapi. Ni hivi, mshipa wa fahamu unaokihudumia kiwambo unatokea shingoni, sehemu moja na mishipa inayoleta hisia za bega. Mtoto akiwa anaumbwa kiwambo kinaanzia huko juu karibu na shingo, kinashuka na kuuvuta mshipa wake mpaka chini. Kwahiyo kitu chochote kinachokichokoza kiwambo kwa chini, kifuko cha nyongo kilichovimba, jipu la ini, au damu iliyomwagika tumboni, ubongo unapokea ile taarifa na kuidhania ni ya begani. Na hapa niseme na akina mama wote wanaosoma, kama umepitisha siku zako, tumbo la chini linauma ghafla, kizunguzungu, na bega linauma bila kujigonga popote, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi imepasuka na damu imejaa mpaka kwenye kiwambo, hapo huendi kulala uone kama kesho itapoa, unakimbizwa hospitali dakika hiyohiyo.

Twende kwa wale wa duka la dawa na vidonda vyao. Mfuko wa chakula uko juu kushoto, unaanzia chini ya kiwambo unakuja mpaka katikati, na unapoishia unaungana na sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, kipande cha kama sentimita 25 kilichojikunja kwenda kulia. Vidonda vingi viko kwenye hicho kipande au kwenye mfuko wenyewe, kwahiyo maumivu yake kwa kawaida yako katikati, chembe ya moyo, yanaunguza, kwa wengine yanatulia ukila na kuamka usiku tumbo likiwa tupu. Sio mbali sana na pako, kwahiyo hawakuwa wajinga kulifikiria. Shida yangu ni kukupa dawa bila kupima. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori. Zamani madaktari walijua ni mawazo na pilipili, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha ni bakteria, Marshall mwaka 1984 alikunywa wale bakteria mwenyewe akaugua tumbo, na 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Leo kinapimwa kwenye choo kubwa, kikionekana unapewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, unamaliza dozi, habari imekwisha. Kumeza omeprazole, hiyo dawa ya kupunguza asidi, kila kichomi kikija, miaka, sio matibabu. Na ujue ultrasaundi haioni vidonda vya tumbo, mfuko una hewa na hewa inayavuruga mawimbi yetu, vidonda vinaonekana kwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopita mdomoni.

Alafu kitu kingine, umesema walikupa "dawa" hujasema ipi. Kama ndani yake kulikuwa na diklofenaki au zile za rangi za kutuliza maumivu, acha kwanza. Zinachubua ukuta wa mfuko wa chakula na kuuongezea vidonda, alafu zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Naona watu wanameza diklofenaki miezi kwa kile wanachokiita maumivu ya figo, figo zilikuwa nzima kabisa, na sasa ndo zinaharibiwa na hiyo dawa. Inaniuma sana hii.

Nyuma ya mfuko wa chakula, imelala kuelekea bandama, kuna kongosho, urefu kama sentimita 15. Kwenye ripoti huwa imeandikwa mwishoni na mara nyingine "haikuonekana vizuri kwa ajili ya gesi", usiogope, ndo mahali ilipokaa, imefunikwa na mfuko na utumbo. Ina kazi mbili tofauti kabisa, inamwaga kwenye utumbo vimeng'enya vya kusaga chakula, na inaingiza kwenye damu insulini ya kushusha sukari. Ikivimba maumivu yake sio ya kuulizana, yanatoboa kutoka chembe ya moyo mpaka mgongoni, mtu anakaa ameinama mbele. Na jiwe la nyongo likitoka kwenye kifuko likaziba mrija pale chini ambapo nyongo na kongosho vinamwaga pamoja, kongosho inaweza kuvimba, ndio maana hatupendi mawe yapuuzwe.

Mama mkwe na bandama yake. Bandama iko kushoto, dada yangu, kushoto na nyuma kabisa, imefichwa na mbavu ya 9 mpaka ya 11. Kwa mtu mzima ina kama gramu 150 na urefu wa sentimita 12 hivi, na ikiwa ya kawaida haishikiki kwa mkono. Kazi yake ni kuchuja damu, chembe nyekundu zinaishi siku kama 120, zile zilizochakaa bandama inaziondoa, na inapambana na bakteria walioingia kwenye damu, ndo maana mtu aliyetolewa bandama tunampa chanjo maalum na tunamwambia homa yoyote akimbie hospitali. Maumivu yako ya kulia hayafanani nayo. Lakini mama mkwe asidharauliwe, kwa mtu wa kanda ya ziwa bandama ni ya kuiwaza siku zote. Malaria za kujirudia zinaivimbisha. Watoto wenye seli mundu damu inaweza kukwama humo ghafla, mzazi anatakiwa afundishwe kumshika mtoto wake ubavu wa kushoto. Na kuna kichocho cha tumbo, kile cha ziwani. Minyoo yake inaishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yanabebwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama, yanaacha makovu, ile njia ya damu niliyokueleza ya kutoka utumbo kwenda ini inabana, damu inarudi nyuma, bandama inajaa, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku moja mtu anatapika damu wakati alikuwa analima vizuri tu. Hii inatokea kwa watu wanaoingia na kutoka ziwani tangu utotoni. Wewe unauza dagaa, sijui kama unaingia majini au unasubiri mwaloni, lakini kapime choo. Dawa yake ni prazikwanteli.

Sasa mume wako na figo. Hapa ndo watu wengi wamepotea, mtu akishika kiuno chini karibu na mkanda anasema figo. Figo haziko huko. Ziko nyuma, zimeegemea misuli ya mgongo pembeni ya uti wa mgongo, sehemu ya juu imefunikwa na mbavu mbili za mwisho, na ya kulia imekaa chini kidogo kuliko ya kushoto kwasababu ini limeisukuma. Peleka mkono mgongoni, tafuta mbavu ya mwisho, ile kona kati yake na uti wa mgongo, hapo ndo daktari anapogonga taratibu kuuliza kama panauma. Chini ya hapo, kiuno, mara nyingi ni misuli na pingili, hasa kwa mtu anayebeba viroba.

Kila figo ina urefu kama sentimita 11 na ndani yake kuna vichujio karibu milioni moja. Zote mbili zinachuja kama lita 180 kwa siku, karibu yote inarudishwa kwenye damu, inayotoka kama mkojo ni lita moja na nusu, mbili. Zinapanga chumvi, zinasimamia presha, zinatoa homoni inayoamuru uboho utengeneze damu, ndo maana mgonjwa wa figo anaishiwa damu bila kutoka damu. Na kama ini, figo zinazokufa polepole kwa presha au kisukari haziumi. Hata kidogo. Zinapimwa kwa kriatinini, taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa, kwenye damu na protini kwenye mkojo. Kinachouma kwenye figo ni jiwe likiteremka, hapo mtu anagaagaa, hapati pa kukaa, maumivu yanatoka mgongoni ubavuni yanashuka mpaka kinena, au maambukizi yaliyopanda, hapo kuna homa na kutetemeka. Wewe hujataja mkojo kuuma wala homa. Na zile dawa za unga za "kusafisha figo" zinazouzwa stendi nakuomba usinunue, figo ndizo zinazosafisha, hakuna unga wa kuzisafisha, na baadhi ya mizizi inaziua kabisa. Ni kweli Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini mpaka mtu afike huko amepitia dayalisisi, kusafishwa damu kwa mashine, na mateso mengi, bora kulinda ulizonazo.

Utumbo ntaupita haraka. Mdogo una urefu kama mita 6, umejikunja katikati, ndo unaonyonya chakula. Mpana una kama mita moja na nusu, unaanzia chini kulia, unapanda mpaka chini ya ini, unavuka, unashuka kushoto, kazi yake kubwa kunyonya maji na kutunza choo. Huo mkunjo wa kulia chini ya ini ukijaa gesi unaweza kuuma palepale unapoonyesha wewe, ukijamba au ukienda choo unapata nafuu. Pale unapoanzia, chini kulia, ndo kuna kidole tumbo. Kikivimba kina tabia yake, maumivu yanaanza kitovuni, mtu anadhani amekula kitu kibaya, masaa yakipita yanahamia chini kulia na hapo kukohoa tu kunauma. Kipindi cha mwanzo ubongo unapokea taarifa ya jumla tu ya utumbo, baadae ngozi ya ndani ya tumbo ikiguswa na uvimbe ndo inataja mahali penyewe. Ukielewa hilo utaelewa kwanini ninakuuliza yalianzia wapi na yakahamia wapi, sio yako wapi sasa hivi tu.

Chini ya kitovu kabisa kuna kibofu mbele, kizazi nyuma yake, mirija na ovari pembeni, kwa wanaume tezi dume iko chini ya kibofu. Wale mnaoambiwa mnywe maji mkojo ubane kabla ya kipimo ni kwasababu kibofu kilichojaa kinausukuma utumbo na hewa yake pembeni, na mawimbi yanapita vizuri kwenye maji, tunakiona kizazi. Kwahiyo kila sharti la ajabu unalopewa kabla ya ultrasaundi lina sababu, ukiona hujapewa sharti uliza.

Nisiache kifua. Kwasababu mapafu yanashuka nyuma ya mbavu mpaka chini, nimonia ya chini kulia inaweza kuonekana ni maumivu ya tumbo, hasa kwa watoto, unakuta mtoto analia tumbo kumbe anapumua haraka. Na moyo uko katikati ya kifua, sehemu kubwa imeelemea kushoto, umekaa juu ya kiwambo kabisa, mfuko wa chakula uko chini yake tu. Mshtuko wa moyo wa upande wa chini unaweza kuja kama kiungulia kwenye chembe ya moyo na jasho jembamba. Mtu mwenye presha au kisukari akipata "kiungulia" kipya kinachokuja akitembea na kuisha akipumzika, hiyo sio ya kutibu kwa Eno.

Alafu kuna maumivu ambayo hayana kiungo chochote cha ndani. Msuli kati ya mbavu ukivutika, ukijigeuza au ukibonyeza kwa kidole kimoja unapapata palepale. Na mkanda wa jeshi, unaunguza upande mmoja tu siku kadhaa kabla vipele havijatoka. Yako ya miezi mingi sio mkanda, lakini la msuli jipime, ukiwa umelala chali kaza tumbo nyanyua kichwa alafu bonyeza panapouma. Kama maumivu yanazidi ukikaza, chanzo kinaweza kuwa kwenye ukuta wa tumbo, sio ndani.

Utakachofanya ni hiki. Rudi urudie ultrasaundi, safari hii kula mapema usiku, asubuhi usile kitu, na mwambie mpimaji wazi kwamba mara ya kwanza ulikuwa umekula, aangalie kifuko cha nyongo ukiwa chali na ukiwa umegeukia kushoto, na aangalie upana wa mrija wa nyongo. Nenda na ile ripoti ya zamani, usiitupe. Siku hiyohiyo omba vipimo vya damu vya ini, homa ya ini B, na choo kwa ajili ya kichocho na Helicobacter pylori, ila kwa hicho cha pili kama umemeza omeprazole waambie, inabidi uiache kama wiki mbili kabla, na kama umemeza antibiotiki ni wiki nne, la sivyo kinaweza kusema huna wakati unacho. Kuanzia leo andika kwenye simu kila yakija, saa ngapi, ulikula nini, yalianzia wapi, yalikaa muda gani, yalienda wapi. Daktari akisoma hayo anapata zaidi ya anavyopata akikubonyeza.

Kama mawe yatapatikana utasikia watu wanasema kunywa mafuta ya alizeti na limao yatatoka. Hayatoki, vile vidonge vya kijani watu wanavyoviona chooni vinatokana na hayo mafuta waliyokunywa, sio mawe. Mawe yanayouma dawa yake ya uhakika ni upasuaji wa kutoa kifuko chote, siku hizi kwenye hospitali kubwa wanatumia matundu madogo, Bugando hapo Mwanza ni hospitali ya rufaa, waulize rufaa yako inapita wapi. Na mtu anaishi vizuri bila kifuko, ini linaendelea kutengeneza nyongo, inateremka moja kwa moja kwenye utumbo.

Usisubiri kurudia kipimo kama yakitokea haya: macho kuwa njano au mkojo wa rangi ya kokakola na choo cheupe, homa na kutetemeka pamoja na hayo maumivu, kutapika usiweze kushika hata maji, kutapika damu au choo cheusi cha kunata, au maumivu yaliyokaa zaidi ya masaa sita hayajaachia. Hapo nenda wodi ya dharura hata kama ni saa nane usiku. Majibu ukiyapata niandikie, andika na vile vipimo vya sentimita walivyoweka kwenye ripoti sio neno "kawaida" peke yake, ntakusomea.